Ndege Iliyorudi Mara ya Pili

Nakumbuka Jumapili moja ya ngoma hapa Gisenyi, mwanangu, Jumapili niliyovaa ndege mabegani nikadhani nimekuwa mtu mkubwa. Vuta kigoda ukae. Hadithi hii siwezi kuisema nimesimama, magoti yangu yalistaafu kabla yangu.

Tangu mwezi uliopita unanionyesha kwenye simu yako zile ndege za vita zinazopita chini chini kupiga vifaru na malori. Jana ukaniuliza, "Babu, zinatokaje hai, na kila mtu chini ana silaha?" Uliuliza kwa huruma, ukijua babu yako ni mtu wa cherehani, vita atavijulia wapi. Basi navijua kidogo. Nilifundishwa na muuza viazi, na ada yake ilikuwa chungu.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mfupi kama nilivyo, mdomo mrefu kuliko nilivyo. Nilishona barazani mwa duka la Mwarabu mmoja pale Majengo, mtaa wetu sisi Waswahili. Siku za kazi nilikuwa Saidi fundi nguo. Jumapili nilikuwa Kapteni Saidi! Usicheke. Tulikuwa na ngoma ya beni, ngoma ya kuiga jeshi, na filimbi, na ngoma kubwa, na magwanda niliyoyashona mwenyewe, na kila mtu ana cheo chake. Chama chetu kilishindana na chama cha upande wa ziwani, na silaha yetu ilikuwa utani. Jambo lolote lililotokea mjini wiki ile lilitiwa kwenye wimbo. Aliyetaniwa alipaswa kucheka, akinuna, ameshindwa. Lakini nasi wapigaji tulikuwa na sheria yetu, tuliyoachiwa na wakubwa: utani wa Jumapili moja unazikwa Jumapili ileile. Hakuna kuufukua.

Sasa, pale sokoni alikuwapo mzee mmoja akiitwa Ramazani, akiuza viazi vya Mudende. Mtu wa watu, sauti ya chini, kanzu yake imetiwa viraka vingi nilivyoshona kwa mkono wangu bila kumtoza, na usiniulize kwa nini bila kumtoza. Alikuwa na binti, Zena. Haya, umeshajua kwa nini. Nilimpenda Zena mpaka nikawa nashona mikono ya mashati kinyume. Wazee wangu walikuwa wameniahidi kwamba mfungo ukiisha wataenda kwa Mzee Ramazani kuniposea. Kwa hiyo kila nilichofanya mbele ya mzee yule kilikuwa kinapimwa, nami nililijua hilo vizuri sana.

Siku moja ya soko, saa nne asubuhi, ikapita ndege ya Wabeleji, waliokuwa wakitutawala. Sijui walikuwa wanafanya mazoezi au wanatuonyesha tu kwamba wanazo. Ilitoka upande wa ziwa, chini, chini kabisa, ikapita juu ya soko kwa kishindo mpaka kuku wakakata kamba. Sisi wote tukainua vichwa na kupunga mikono. Mzee Ramazani, yeye, alikuwa ameshatoweka. Tulipomtafuta tulimkuta kwenye mfereji wa maji machafu, amelala kifudifudi, uso kwenye tope, mikono kisogoni, na kiazi kimoja bado amekishika.

Yewe! Soko zima lilicheka. Akainuka taratibu, akajipangusa, akacheka na yeye. "Bon," akasema, "sinema imekwisha. Nunueni viazi."

Nami nikaona wimbo.

Wiki ile sikulala vizuri kwa furaha. Nilichukua matete, nikafunga mbawa mbili, nikazivika kitambaa cheupe cha amerikani, nikashona mkia, nikaacha tundu la kutia kichwa na mabega. Jumapili nikaingia uwanjani nimevaa ndege, nanguruma kwa mdomo, mbawa zinayumba. Rafiki yangu Hamisi alivaa kanzu ya viraka na kubeba kapu la viazi. Nikampitia kichwani mara moja, naye akajitupa chini huku viazi vinabiringika. Watu walilia kwa kicheko. Nilimtazama Mzee Ramazani: alikuwa anajipiga paja, machozi yanamtoka, anamwambia jirani yake, "Huyu mutoto ni shetani kabisa, ameniweza!"

Ingeishia pale, mwanangu, leo nisingekuwa na la kukuhadithia.

Siku ya pili yake Zena alinikuta kwenye bomba la maji. Aliweka ndoo chini, akaniangalia usoni. "We Saidi, jana na mi nilicheka. Lakini inatosha. Baba alicheka pale uwanjani, kufika nyumbani hakugusa chakula. Amekaa tu anaangalia mikono yake. Usirudilie."

"Siwezi kurudilia," nikamwambia. "Sheria ya beni unaijua."

"Niahidie."

Nikamwahidi, mkono kifuani. Naye akaniamini, kwa sababu alikuwa hajanijua bado.

Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Habari za ndege ya matete zilivuka mpaka Goma, na Jumapili iliyofuata watu walikuja kutoka kule kwa makundi, wake kwa waume, wamevaa vizuri. Chama cha ziwani kilitangulia, kikaimba kitu kizuri sana, na sisi tulipoingia na wimbo wetu mpya watu wakakaa kimya. Kisha sauti moja ikaita nyuma, "Ndege!" Ya pili ikaita, "Ndege!" Mara uwanja mzima: "Ndege! Ndege! Tunataka ndege!"

Jenerali wetu, mzee wa chama, akanitikisia kichwa kwamba hapana. Nilimwona. Zena pia nilimwona, amesimama karibu na baba yake, ananiangalia tu. Lakini mtu ukiitwa na watu mia mbili, mwanangu, masikio huziba yale mengine yote. Nikakimbia kuchukua ndege.

Na sikuridhika na ya wiki iliyopita. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wazee wamesema. Nikampitia Hamisi mara ya kwanza, watu wakapiga makofi. Nikageuka, nikampitia mara ya pili. Safari hii nilikuwa nimemnong'oneza alie, naye akalia "Mama yangu! Mama yangu!" huku anatetemeka miguu, na watu wakaangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini. Nikawa nageuka nimpitie mara ya tatu.

Hapo ikaja ndege ya kweli.

Ilikuwa ileile, kutoka ziwani, chini vilevile. Nilisikia kishindo, nikainua uso kuangalia. Sikuona kitu, maana kuna mtu alinipiga dafrau kutoka ubavuni nikaenda chini, mbawa zikavunjika kra! kra!, na mwili wote wa mtu ukanilalia juu. Alikuwa Mzee Ramazani. Alikuwa amevuka uwanja mzima mbio, mzee yule, akaacha mfereji uliokuwa karibu naye, akaja kunifunika mimi.

Watu wakazidi kucheka. Wao walidhani ni mchezo, walidhani tumepanga. Mimi nilikuwa chini yake, nasikia moyo wake unavyogonga mgongoni kwangu, na mdomo wake sikioni pangu unasema, "Lala. Usiinue kichwa. Itarudi, ndugu yangu, itarudi, usisimame." Mkono wake ulikuwa umenikandamiza kisogo kwa nguvu mpaka nikala mchanga. Ndege ilishapotea zamani, naye bado ananiambia nisisimame.

Taratibu kicheko kikaisha. Watu waliona hatuinuki. Zena akaja, akapiga magoti, akamshika baba yake bega, akamwambia kwa upole, "Baba, imeenda. Twende nyumbani." Akamwinua, akampangusa kanzu. Akanipita mimi nilivyolala na matete yangu kama ananipita mbwa. Aibu niliyoisikia, mwanangu, sitaki hata adui yangu aijue.

Siku iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, nilikwenda kwao. Nilibeba kilo ya sukari. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba Zena amekwenda, na kwamba nimestahili. Mzee alikuwa uani anachambua viazi, vizuri huku, vibovu kule. Nikasalimu. Akaitikia. Nikaanguka miguuni pake kuomba radhi, akanivuta sikio kama mtoto, akanikalisha juu ya gunia.

"Ile ndege yako," akasema, "imeruka vibaya."

Nilitazamia matusi. Hilo sikulitazamia.

"Umekosea kitu moja," akaendelea. "Mara ya kwanza ulipita vizuri, kabisa. Halafu ukarudi. Nani alikufundisha kurudi?"

Akapanga viazi vitano kwa mstari chini. Ndipo nilipojua kwamba mzee yule, miaka ya vita vikubwa, alichukuliwa na jeshi la Wabeleji la Kongo kwenda mpaka Habeshi, Ethiopia ya leo, kupigana na Mtaliano. Hakuwa askari. Alikuwa mpagazi, mbeba masanduku ya risasi ya bombomu, ile bunduki inayotema mfululizo. Hakuwahi kutuambia, na sisi hatukuwahi kumwuliza.

"Hii iko maloli yetu," akasema. "Sisi wapagazi tuko huku nyuma. Donc, ndege ya kupiga watu wa chini haitoki juu mbali. Inatoka nyuma ya mulima." Kiganja chake kikachomoza nyuma ya goti. "Inafuata bonde, sauti yake inabaki kule. We unasikia, yenyewe imeshafika. Inaweka jua mugongoni, ukiangalia unaona mwanga tu. Na haikati barabara hivi, hapana. Inaifuata yenyewe, toka mukia mpaka kichwa, ili risasi isipotee. Taratata! Inaingia bonde ingine, imekwenda. Hata kwaheri."

"Na watu hawaipigi, mzee?"

"Nani aipige? Kila mutu anatafuta mama yake! Ile ndege, Saidi, ngozi yake nyepesi. Risasi ya bunduki inaitoboa. Iko na chuma kidogo chini ya kiti, basi. Inaponeshwa na mambo mbili: kushitukiza na kwenda. Wakati ingine zinakuja mbili. Moja inazunguka kule, watu wote wanaiangalia, ingine inapita huku. Lakini ile iko na akili inapita mara moja tu."

Akaniambia jinsi na wao wa chini walivyojifunza. Kutokimbia kufuata barabara, bali kando. Kutoinua uso, maana uso unang'aa. Na wenye bombomu kutoilenga ndege yenyewe bali mbele yake. "Ni kama kumurushia ndizi mutu iko juu ya loli inayotembea," akasema. "Ukimulenga yeye, ndizi itaangukia nyuma." Mwanangu, zile unazonionyesha wewe zimeendelea: zinafyatua kombora kutoka mbali, zinamwaga mioto nyuma ili kombora linalofuata joto lipotee njia. Na askari wa chini naye leo ana bomba la begani la kurushia kombora. Lakini nimeziangalia vizuri kwenye simu yako, na miwani nimevaa, na nakuambia muuza viazi hakukosea. Inayozungukazunguka palepale ndiyo huangushwa.

"Nilikuwa na ndugu yangu wa safari," mzee akasema, na hapo sauti ikashuka. "Jina lake Kasongo. Mucheshi kama we. Siku moja ndege ya Mtaliano ilipita, ikachoma maloli tatu, ikaenda. Sisi tuko kwenye mufereji, wazima. Kasongo akasimama. Akaitukana ile ndege, akacheza kiuno, na sisi tukamucheka. Hatukujua inarudi."

Akachukua kiazi kimoja akakishika.

"Ilirudi. Ikamukata Kasongo hapa kifuani. Lakini mara ya pili bombomu zetu zilikuwa zimeamka, zinaingojea njia ileile. Tukaiangusha pale mbele. Tulikwenda kuangalia. Ndani iko kijana, Saidi. Ndevu hakuna. Mi nilikaa pale nikamuuliza na yeye ameshakufa: we mutoto, ulikuwa umeshinda, maloli tatu zinawaka, ungekuwa kwenu sasa hivi unakunywa kahawa. Ulirudi kutafuta nini?"

Nilikuwa nalia, sikufichi.

"Pengine alisikia utamu," mzee akasema. "Jana nilikuona unageuka mara ya pili, watu wanapiga makofi, na ndege nyingine inanguruma. Sijui nilikimbia kumufunika nani. Kasongo, ama yule kijana wa Mtaliano. Ama we."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa nimeuchukua ung'ongo nikaufanya ngoma. Nilimwambia hivyo, nikamwambia Jumapili nitasimama uwanjani bila gwanda na kuomba radhi mbele ya watu. Nilifanya hivyo kweli, na cheo cha kapteni nikakivua. Lakini siku ile pale uani nilimwuliza na lile lililokuwa linanichoma. "Mzee, je, wazee wangu wakija hapa kwako, utawafukuza?"

"Nyumba yangu haifukuzi wageni," akasema, akarudi kwenye viazi vyake.

Mfungo ukaisha, wazee wangu wakaenda na kahawa na maneno mazuri. Wakarudi na jibu: "Mutoto bado mudogo. Tutaangalia." Wao hawakushtuka, wakasema watarudi mwezi ujao. Nikawakataza! Nikawaambia hapana, mzee amenifundisha kwamba mwenye akili hapiti mara mbili, na mimi sitamrudia tena mlangoni kwa jambo lolote. Miezi miwili nikawa nazunguka njia ya kanisani nisipite kwao. Nikakonda mpaka tepe yangu ya kupimia ikanisikitikia.

Asubuhi moja nainua kichwa kwenye cherehani, Mzee Ramazani amesimama mbele yangu na koti limechanika kwapa.

"Wazee wako," akasema, "wamekufa?"

"Wazima, mzee."

"Mbona hawarudi? Mi nimekaa kila Ijumaa naweka viti. Mutoto wangu halali, anasema nimemufukuzia mutu."

Nikamweleza, kichwa chini. Kwamba ni yeye aliyenifundisha kutorudi.

Mwanangu, yule mzee alicheka! Alicheka akashika nguzo ya baraza, Mwarabu akatoka dukani kuangalia nani anakufa. "Mujinga we! Mujinga wa mwisho! Ile ilikuwa ya vita! Ya kuumiza mutu ndiyo haurudilie. Posa, nani anajibu mara ya kwanza? Nimutoe mutoto wangu kama kiazi? Ya mapenzi, mutu anarudi, anarudi, anarudi tena, mpaka mbwa ya nyumba inamuzoea!"

Wazee wangu walirudi Ijumaa ileile. Wakarudi na mara ya tatu, ndipo nikapewa Zena. Na mimi nilirudi kwa mzee yule kila alasiri mpaka nilipomshusha kaburini kwa mikono hii, na mikono ya Zena ikiwa inanisubiri nyumbani.

Basi ulichoniuliza nimekujibu, na usichoniuliza pia. Siku utakayosema neno likamchoma mtu na watu wakakushangilia, ondoka hapo, mwanangu, hata wakikuita jina lako mara mia. Kicheko cha kwanza mtu anaweza kukusamehe. Ukigeuka kukitafuta tena, unamkuta ameumia, na wewe mwenyewe umejiweka shabaha. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini ukiwa umekosa, rudi. Ukiwa unapenda, rudi. Mlango wa kuomba radhi na mlango wa kuomba mke, jibu la kwanza likiwa gumu, usizunguke njia ya kanisani kama babu yako. Na mzee ukimwona ana ajabu yake, mwulize kabla hujamtungia wimbo.

Mungu akupe ulimi unaojua kunyamaza na miguu isiyochoka kurudi kwa unaowapenda. Na siku utakapokuwa mjinga, maana utakuwa tu, akuletee mtu wa kukufunika kwa mwili wake hata kama hukustahili. Amina, mwanangu, amina.